John Prine: mgawa barua aliyechekesha Marekani ili aiambie ukweli

Mwimbaji wa Marekani John Prine alifariki tarehe 7 Aprili 2020 katika hospitali moja ya mji wa Nashville, kiisha kuambukizwa virusi vya Corona. Alikuwa na miaka 73. Aliacha nyimbo za karibu miaka 50, na watu waliomlilia walikumbuka kwanza vichekesho vyake. Ni haki yao. Lakini wanaomkumbuka kama mchekeshaji tu wanamnyima nusu ya heshima yake. Prine hakuchekesha watu ili wasahau shida zao. Aliwachekesha ili wakubali kuzitazama.

Inafaa jambo hilo lisemwe wazi, maana kuna mawazo ya zamani kwamba wimbo wa maana ni lazima uwe na sura ya msiba, na kwamba mtu anayechekesha hana la kufundisha. Maisha ya mgawa barua huyu yanaonyesha kinyume.

Barua mkononi, nyimbo kichwani

Prine alizaliwa tarehe 10 Oktoba 1946 huko Maywood, mji mdogo ulio karibu na Chicago, katika jimbo la Illinois. Wazazi wake walikuwa wametoka Kentucky, jimbo la makaa ya mawe, kama familia nyingi zilizohamia kaskazini kutafuta kazi ya kiwandani. Baba yake alikuwa fundi wa vyuma na kiongozi katika sendika ya wafanyakazi. Alipofika miaka 14, kaka yake Dave alimfundisha kupiga gitaa.

Kiisha masomo ya sekondari, Prine aliingia kazi ya posta. Jeshi likamwita. Wakati vijana wengi wa rika lake walipelekwa Vietnam, yeye alipelekwa Ujerumani ya Magharibi kutengeneza motokari. Aliporudi nyumbani alishika tena mfuko wa barua.

Kazi hiyo ilikuwa shule yake. Mgawa barua anafika kwenye kila mlango. Anajua nani anapata barua kila siku na nani hapati kitu. Anajua nyumba ya mzee anayekaa peke yake, na nyumba ya askari aliyerudi vitani lakini akili yake haijarudi. Prine alitunga nyimbo akitembea. Siku za baridi kali, alieleza baadaye, alikuwa anaingia ndani ya sanduku kubwa la posta lililowekwa barabarani, ili ale mkate wake bila kupigwa na upepo.

Hata kuanza kwake jukwaani ni kichekesho. Siku moja, katika baa moja ya Chicago iliyoitwa Fifth Peg, alikaa akinywa na kulalamika kwamba waliokuwa wanaimba hawajui kazi. Watu wakamwambia apande yeye kama anaweza. Akapanda, na mwenye baa akampa kazi.

Mwezi wa Oktoba 1970, Roger Ebert, mwandishi aliyechambua filamu katika gazeti la Chicago Sun-Times, alitoka ndani ya sinema kabla filamu haijaisha. Kufatana na maelezo yake mwenyewe, mahindi ya kukaanga aliyokuwa amenunua yalikuwa na chumvi nyingi mno, akaenda kutafuta bia. Huko kwenye bia alimkuta Prine. Aliacha filamu pembeni, akaandika juu ya mgawa barua anayeimba. Kiisha makala hiyo, watu walianza kujaa. Mwimbaji mwingine, Kris Kristofferson, alimpandisha jukwaani New York, na kampuni ya Atlantic ikampa mkataba. Albamu yake ya kwanza ilitoka mwaka 1971.

Kicheko chenye mwiba

Katika albamu hiyo kuna wimbo juu ya bendera. Wakati ule wa vita ya Vietnam, gazeti la Reader's Digest lilikuwa limewagawia wasomaji wake picha za bendera za kubandika, na Prine mwenyewe ndiye aliyezipeleka kwenye milango ya watu. Kesho yake aliziona zimebandikwa kila mahali. Akatunga hadithi ya mtu anayependa inchi yake kupita kiasi: anabandika bendera kwenye kioo cha motokari mpaka haoni tena njia, anapata ajali, anakufa, na kule mbinguni wanamkatalia kuingia.

Watu walicheka. Lakini walicheka nini? Walicheka uzalendo unaoonekana kwenye motokari kuliko kwenye matendo, wakati vijana wanarudi ndani ya masanduku. Hotuba ingewafanya wazibe masikio. Kichekesho kiliwafikia kabla hawajajilinda. Prine aliacha kuuimba wimbo huo kwa miaka mingi, akaurudisha wakati wa uongozi wa raisi George W. Bush, na watu wakaelewa bila kuelezewa.

Halafu, katika albamu ileile, kuna nyimbo zisizo na mzaha. "Sam Stone" ni hadithi ya askari aliyerudi na medali pamoja na maumivu, akatafuta nafuu ndani ya madawa ya kulevya, huku watoto wake wakiona pesa ya nyumba ikipotelea kwenye sindano. "Hello in There" ni wimbo juu ya wazee ambao hakuna anayewasalimia tena. Alikuwa kijana aliyepita kidogo miaka 20 alipoutunga, na wazo lilikuwa limebaki naye tangu utoto, alipokuwa akisaidia rafiki kupeleka magazeti katika nyumba ya kutunzia wazee.

Hapo ndipo ufundi wake unaonekana. Wako wanaosema, na si bila sababu, kwamba kicheko kinaweza kuwa usingizi: watu wanacheka, mioyo inatulia, na wakubwa wanaendelea kama kawaida. Ni kweli inatokea. Lakini swali la kuuliza ni: anayechekwa ni nani? Prine alijicheka mwenyewe, alicheka wenye kiburi, alicheka watu wa kawaida kama mtu anavyocheka ndugu zake. Hakumcheka mzee aliyeachwa wala askari aliyevunjika. Alijua mahali pa kufunga mlango wa mzaha. Na kwa sababu watu walikuwa wamecheka naye dakika tatu mbele, walimsikiliza alipobadilisha sauti.

Kijiji kilichobaki ndani ya wimbo

Mfano mkubwa ni wimbo "Paradise". Paradise lilikuwa jina la kijiji kando ya mto Green, huko Kentucky, walikotoka wazee wa Prine. Eneo lile lilichimbwa makaa ya mawe kwa mashine kubwa zilizogeuza milima na misitu kuwa mashimo. Pembeni shirika la umeme la serikali lilijenga kiwanda kilichochoma makaa, na majivu yakawaangukia wakaaji. Mwaka 1967 shirika hilo lilinunua nyumba zilizobaki na kuzibomoa. Msomaji wa Kolwezi ao wa Kamituga hahitaji maelezo marefu juu ya hadithi ya namna hiyo.

Prine alitunga wimbo huo kwa ajili ya baba yake, na ndani yake akataja wazi jina la kampuni ya makaa, Peabody. Alipomletea baba yake wimbo umerekodiwa, baba alikwenda kukaa katika chumba cha pili, gizani, ili asikie kama vile wimbo unatoka kwenye mashine ya muziki ya baa. Mzee huyo alifariki kabla albamu haijatoka.

Je, wimbo uliokoa kijiji? Hapana. Kijiji kilikuwa kimekwisha kubomolewa ulipotungwa. Wenye kudharau nyimbo wanaweza kusimama hapo na kusema kwamba gitaa halizuii tingatinga. Lakini wasikilize na sehemu ya pili. Mwaka 2015, zaidi ya miaka 40 kiisha wimbo kutoka, watetezi wawili wa mazingira walishitaki Peabody, na katika karatasi za mashitaka waliandika maneno ya Prine. Kampuni iliomba mahakama iyaondoe maneno hayo. Kampuni kubwa ya makaa, yenye mawakili wake, ilisumbuliwa na wimbo wa mtu aliyekuwa akigawa barua! Watu hawaombi kufutwa kwa kitu kisicho na nguvu.

Mwimbaji asiye na bosi

Kuna sababu nyingine iliyomwezesha Prine kusema alichotaka: hakuruhusu pesa imshike koo. Alipokuwa kijana alisaidiana na rafiki yake mkubwa, mwimbaji Steve Goodman, kutunga wimbo wa kuchekesha tabia za muziki wa kantri. Prine alikataa jina lake liandikwe. Mwaka 1975 wimbo huo ukapata sifa kubwa kupitia sauti ya David Allan Coe, na Goodman akamnunulia rafiki yake mashine ya muziki kama shukrani. Goodman alifariki mwaka 1984 kwa kansa ya damu.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980, kiisha kupita katika kampuni kubwa mbili, Prine aliamua kutokuwa tena chini ya mtu. Pamoja na meneja wake Al Bunetta na Dan Einstein, alianzisha kampuni yake ndogo, Oh Boy Records. Wengi waliona ni wazimu. Lakini wapenzi wake walituma pesa mbele ili albamu inayofuata itengenezwe, na disiki ziliuzwa kwa njia ya posta. Mgawa barua wa zamani aliishi tena kwa barua.

Wapenzi wa muziki wa Congo wanajua libanga, ile desturi ya kutaja majina ya wenye pesa ndani ya wimbo. Wanamuziki wana familia za kulisha, na si vizuri kuwahukumu kwa haraka. Hata hivyo, anayelipwa kwa kutaja jina hawezi kulicheka jina hilo kesho yake. Prine alitegemea maelfu ya watu wadogo wanaotuma dola chache, na kwa hiyo hakuwa na mkubwa wa kumwogopa. Uhuru wa kuchekesha una bei, na mtu lazima ajue nani anailipa.

Heshima haikukosa kuja. Albamu yake "The Missing Years" ya mwaka 1991, iliyotengenezwa na kampuni hiyohiyo ndogo, ilipata tuzo ya Grammy. Mwaka 2005 alialikwa katika Maktaba ya Bunge la Marekani kuzungumza na kuimba pamoja na mshairi wa taifa, Ted Kooser. Mwaka 2019 aliingizwa katika orodha ya heshima ya watunzi wa nyimbo wa Marekani.

Kucheka mbele ya kifo

Mwaka 1998 madaktari walimkuta na kansa ya shingo. Operesheni na matibabu vilibadilisha sauti yake: ikashuka, ikawa ya kukwaruza. Mwimbaji mwingine angeificha. Yeye aliizoea, na mwaka 1999 akatoa albamu ya nyimbo za kupokezana na wanawake waimbaji. Katika wimbo mmoja, yeye na Iris DeMent wanaimba kama bibi na bwana wanaotajana makosa bila haya, na bado wanapendana. Mwaka 2013 alipatwa na kansa nyingine, safari hii kwenye pafu, akafanyiwa operesheni. Akarudi jukwaani.

Mwaka 2018, akiwa na miaka 71, alitoa "The Tree of Forgiveness", albamu yake ya mwisho. Ilifika nafasi ya 5 katika orodha kubwa ya mauzo ya Marekani, mahali ambapo hakuwa amefika hata katika ujana wake. Wimbo unaoifunga unaeleza mambo atakayoyafanya akifika mbinguni, na moja ni kuvuta sigara, ile ambayo kansa ilikuwa imemlazimisha kuiacha. Watu walicheka mpaka machozi. Miaka miwili baadaye, machozi yalibaki bila kicheko.

Katika "Paradise", Prine alikuwa ameomba majivu yake yatupwe katika mto Green. Familia ilitii: nusu ya majivu ilitupwa mtoni, nusu ikazikwa karibu na wazazi wake huko Chicago. Kwa hiyo hata ombi lile halikuwa mapambo ya wimbo. Alimaanisha alichoimba.

Hilo ndilo la kushika kutoka kwa John Prine. Anayetaka kuimba juu ya vita, juu ya ardhi iliyochimbwa na juu ya wazee waliosahaulika, asiogope kuchekesha. Aogope kitu kimoja tu: kuchekesha bila kumaanisha.