Saa ya kompyuta ni mwongo, acheni kuiamini

Sisi waandishi wa programu tuna ugonjwa. Tukiona saa ya tukio imeandikwa hadi milisekunde ya mwisho, tunaichukua kama msahafu. Kisha tunaunda programu za kusimamia mitambo zenye majibu mawili tu: muda umezingatiwa, au muda umevunjwa. Huo ni uzembe, na kuna mahali unaua.

Chukua mfano. Kihisi kinaona shinikizo la mvuke limepanda, na vali lazima ifunguke ndani ya milisekunde 50. Vifaa ni viwili, kila kimoja na saa yake. Ukweli ulio nao ni huu: tukio la kwanza lilitokea kati ya 100 na 104, la pili kati ya 150 na 156. Je, sharti limetimizwa?

Piga hesabu. Tofauti ndogo kabisa ni 46, kubwa kabisa ni 56. Hujui! Lakini programu ya kawaida inachukua katikati, 102 na 153, inapata 51 na kutangaza kosa bila haya. Kumbe, ikiwa kila nukta ndani ya vipindi hivyo ina nafasi sawa na makosa ya saa hizo hayategemeani, uwezekano kwamba sharti lilitimizwa ni theluthi moja. Theluthi si sifuri, wala si hakika. Mwenye mtambo ndiye aseme anataka uhakika kiasi gani kabla ya kengele kulia. Si kazi ya mstari mmoja wa kodi unaokadiria kimyakimya.

Najua jibu lenu: "Nunua saa bora." Haya, Google wana GPS na saa za atomiki. Hata hivyo, mwaka 2012 walipoeleza hifadhidata yao ya Spanner, saa yake, TrueTime, haikutoa nukta moja. Ilitoa kipindi: si mapema kuliko hapa, si baadaye kuliko pale. Kisha mfumo husubiri shaka ipite ndipo uthibitishe muamala. Tajiri wa saa anakiri shaka, wewe mwenye seva moja ya kukodi unaapa?

Aliyetaka somo la damu asome habari za Dhahran, Saudi Arabia, 25 Februari 1991. Mtambo wa Patriot ulikuwa umewaka saa 100 mfululizo, na hesabu yake ya muda ilikuwa imepotoka kwa takriban sekunde 0.34. Ulitafuta kombora la Scud mahali pasipo. Wanajeshi 28 wa Marekani walikufa. Programu iliyorekebishwa ilifika kesho yake.

Dawa ni rahisi: hifadhi namba mbili badala ya moja, na ruhusu jibu la tatu, "sijui". Anayepinga alete hesabu, si kelele.