Utoro si Kesi ya Polisi

Mtoto wa miaka 14 akikataa shule hapa Kabazi, njia za kumsaidia zinahesabika. Mwalimu mkuu humwita mzazi. Mzazi huenda kwa chifu. Chifu naye, akikosa la kufanya, humtishia kijana seli, au huelekeza jambo lipelekwe Nakuru, na Nakuru ni nauli ya matatu kwenda na kurudi kwa mama ambaye siku hiyo atakosa kibarua. Wengi huishia hapo. Ukija kumwona tena yule kijana, anaendesha boda boda ya mtu. Msichana ameshaolewa kimyakimya, au yuko mjini analea watoto wa wenyewe.

Toleo hili tumelitenga kwa watoto hao: watoro wa shule, wanaolala nje, wanaotoroka nyumbani, walioshinda wazazi. Hawajaiba wala hawajamjeruhi mtu. Mtu mzima akilala kwa rafiki au akiacha masomo, hakuna askari wa kumuuliza.

Sheria si mbaya. Ile ya Watoto ya 2001 ilimtaja mtoto mtoro, pamoja na yule ambaye wazazi wanapata shida kumlea, kati ya wanaohitaji matunzo na ulinzi, si kati ya washtakiwa. Ya 2022 ikapandisha umri wa kuwajibika kwa jinai kutoka miaka 8 hadi 12. Shida huanzia kituoni, na si jambo jipya. Ripoti ya Human Rights Watch ya 1997 kuhusu watoto wa mitaani nchini Kenya ilionyesha jinsi waliohitaji ulinzi walivyofungiwa pamoja na wenye mashtaka. Marekani ilikuwa imeshtukia hatari hiyo mapema: mwaka 1974 ilipitisha sheria iliyofunga fedha za majimbo na sharti la kuacha kuwafungia watoto wa aina hii. Mtoro ukimlaza chumba kimoja na aliyevunja duka, umempatia mwalimu.

Barazani hakosekani mzee wa kusema samaki mkunje angali mbichi, na kwa wengi kukunja huko ni kiboko. (Shuleni kiboko kilipigwa marufuku na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, nyumbani ni habari nyingine.) Mimi nauliza kwanza: anakimbia nini? Mara nyingi jibu ni karo yenye malimbikizo, sare iliyochanika, baba mlevi, hedhi isiyo na sodo, au kahawa ya kuchuma Solai inayolipa leo wakati shule inaahidi kesho. Hakuna hata moja kati ya hayo linaloponywa kwa kumhubiria mtoto peke yake.

Ndiyo maana jaribio la Sinovuyo Teen, katika jimbo la Eastern Cape huko Afrika Kusini, linanivutia kuliko semina zetu za siku moja hotelini. Mzazi na kijana walihudhuria vikao 14, vingi vyao wakiwa pamoja, mara moja kwa wiki, vikiongozwa na watu wa jamii waliofunzwa, si wataalamu wenye shahada. Walizungumza hasira, adabu bila kipigo, hata bajeti ya nyumba. Haukuwa muujiza, lakini matokeo yaliyochapishwa 2018 yalionyesha vipigo na ukatili vimepungua, na walezi wamekuwa karibu zaidi na watoto. Hakuna kilichofanyika pale kisichowezekana katika ukumbi wa kanisa la Kabazi.

Gharama ndiyo itakayozua ubishi. Idara ya Watoto iko chini ya serikali kuu, vyuo vya ufundi vya vijijini viko chini ya kaunti, na kijana wa miaka 15 anayetaka kushona au kuchomelea vyuma kuliko kukaa darasani anaangukia katikati. Nataka afisa wa watoto aketi Kabazi siku ya soko, kila wiki, akiwa na mwalimu, mhudumu wa afya wa jamii na mtu wa chuo cha ufundi kwenye benchi moja, na jina la mtoto lisiingie kwenye daftari la polisi. Mwandishi wa makala yetu ya kwanza haafikiani nami: anaona benchi hilo litageuka baraza jingine la kuwaaibisha akina mama mbele ya majirani. Ana hoja, na nimempa kurasa nyingi kuliko nilizojipa mwenyewe.