Machozi ya Marc Antony

Kwangu mimi Feed the Kitty ya mwaka 1952 inazishinda katuni zote alizoongoza Chuck Jones, na sababu ni uso wa yule mbwa. Mbwa huyo, Marc Antony, anaanza kwa kumbwekea paka mdogo kwa nguvu zake zote. Paka hata hashtuki: anampanda mgongoni, anayakanda manyoya kwa kucha kama mtu anayetandika kitanda, kisha analala. Mbwa kwisha habari! Tangu hapo kazi yake ni kumficha mtundu asiyetulia, maana mama mwenye nyumba ameshamwonya asilete kitu kingine chochote ndani.

Halafu paka anaingia kwenye unga wa biskuti. Anatoka salama, lakini mbwa hajui. Anachungulia dirishani, anaona unga ukisukumwa, ukikatwa, ukiingia kwenye oveni, naye analia mpaka machozi yanafanya dimbwi. Anapopewa biskuti yenye umbo la paka, anaiweka mgongoni, palepale alipolala rafiki yake. Hapo huwa nashindwa kujizuia. Filamu ya Monsters, Inc. ya 2001 iliienzi sehemu hii, pale zimwi Sulley alipodhani mtoto amesagwa na mashine ya taka. Nzuri, lakini ya Jones inauma zaidi.