Mgeni Siku Mbili, ya Tatu Mpe Jembe

Methali hii twaisema sote, lakini kwa jamaa za wamisionari wanaokuja kukaa nasi hatuifuati. Twawapa kiti, twawapa chai, twawakenulia meno, jembe hatuwapi. Kisha, miaka miwili ikipita, twalalamika kwamba hawakutuzoea. Maoni yangu ni kwamba kosa hilo ni letu pia, nami nitaanza kwa kujishtaki mwenyewe.

Nilipokuwa Kidato cha Tatu alikuja shuleni kwetu mwalimu mmoja mmisionari, pamoja na mkewe na watoto wao wawili. Yule mama alikuwa amefundishwa huko kwao kwamba "Shikamoo" ni salamu ya heshima. Basi asubuhi ya kwanza alipotukuta bombani tukiteka maji, alituamkia sisi wanafunzi, "Shikamoo!" Mimi ndiye niliyejibu wa kwanza, "Marahaba, Mama!" Wenzangu wakacheka hata maji yakamwagika. Akadhani tumefurahi, naye akafurahi. Muhula mzima alituamkia hivyo, nasi muhula mzima tuliitikia kama wazee.

Siku ya wazazi alimwamkia vivyo hivyo mtoto wa Kidato cha Kwanza, mbele ya baba yake. Mzee mmoja mpishi wetu akamwita kando, akamweleza polepole. Tangu siku ile hatukumwona tena bombani. Alipita njia ya nyuma, kichwa ameinamisha; nasi tukasema, "Ana majivuno."

Lakini watoto wake walizoea upesi. Yule mdogo aliposema "mtu wawili", watoto wa mpishi walimkatiza pale pale, "Watu wawili!" Hawakumcheka kwa siri, wala hawakumwonea haya. Kabla ya mwaka kwisha alikuwa akigombana nao kwa Kiswahili juu ya mpira. Mgeni hagombani, anayegombana amekwisha kuwa mwenyeji. Wale watoto walimpa mwenzao jembe, na sisi wakubwa tulimnyima mama yake.

Hata wale wa zamani hawakuzoea kwa uwezo wao peke yao. Daktari Albert Cook na muuguzi Katharine Timpson walifika Mengo mwaka 1897, baada ya safari ndefu ya miguu kutoka pwani, maana reli ilikuwa haijafika Uganda. Walioana mwaka 1900. Mwaka 1903 Daktari Cook alitoa kitabu cha maneno na sentensi za utabibu kwa Kiganda. Je, aliyapata wapi maneno hayo? Bila shaka kwa Waganda waliokuwa na subira ya kumsikiliza na kumsahihisha. Mgonjwa ambaye daktari haelewi anapoumwa hapati dawa iliyo sawa, basi kumsahihisha daktari kulikuwa ni kuokoa roho za watu. Yeye alikaa hata akafa nchini Uganda mwaka 1951.

Wala jambo hili si la Wazungu peke yao. Apolo Kivebulaya, Mganda, alikwenda Mboga, ng'ambo ya mto Semliki, mwaka 1896; nchi hiyo leo imo katika Kongo. Naye alikuwa mgeni kule. Chifu Tabaro alimkataa, akapigwa, akafungwa. Baadaye chifu huyo huyo akabatizwa. Apolo alifia huko mwaka 1933. Hata sisi, basi, twaweza kutumwa kwa watu wasiojua salamu zetu. Siku hiyo tutapenda tucheke­we, au tufundishwe?

Wapo watakaosema kwamba si adabu mwanafunzi kumsahihisha mtu mzima, tena mwalimu. Nawajibu kwamba mpishi wetu alifanya hivyo kwa adabu zote: alimwita kando. Sisi tulioitikia "Marahaba" ndio tuliokosa adabu. Wengine watasema kwamba wamisionari wenyewe hukaa mbali, ndani ya ua wao. Ni kweli kwa baadhi yao, na hao yawapasa watoke. Mwenye kutoa jembe hawezi kumlimia mgeni. Ni lazima mgeni alishike mwenyewe. Lakini hawezi kulishika jembe ambalo hakupewa.

Mimi nilikwenda nyumbani kwa yule mama mwanzo wa muhula uliofuata, nikamweleza kweli yote. Alinyamaza kitambo, kisha akaniuliza, "Na mliitikia hivyo mwezi mingapi?" Nilitaka kunyamaza tena. Nikajikaza, nikasema, "Miezi, Mama. Miezi mitatu." Akaenda kuchukua daftari, akaandika. Tangu hapo nilikwenda kila Alhamisi baada ya michezo, na kabla ya Pasaka alikuwa amerudi bombani, akitungojea sisi tumwamkie kwanza.

Jamaa ile imekwisha kurudi kwao, nami mwaka huu namaliza Kidato cha Sita. Yamkini itakuja jamaa nyingine nami sipo. Nanyi wadogo zangu mtakaokuwa bombani asubuhi hiyo, mgeni akikosea salamu msimwitikie kwa kicheko. Mwiteni kando, mumpe jembe.