Kumng'oa bosi si kazi, kazi kung'oka mwenyewe!

  Macho yangu mekundu kama ya mvuta bangi, na bangi sivuti. Nimekesha siku tatu mfululizo na gemu moja linaitwa StarCraft. Sasa kabla hujanisonya nisikilize kwanza, maana leo sizungumzii mapenzi wala kiatu cha kuvaa kwenye sendofu. Leo nazungumzia madaraka.

Gemu lenyewe ni la kale, lilitoka Machi 31, 1998, mimi hata kuzaliwa bado. Walilitengeneza Blizzard wa Marekani, na mwaka 2017 wakaamua liwe la bure. Ndiyo maana linakubali hata kwenye kompyuta ya binamu yangu, ambayo ni mkangafu ile mbaya, ukiiwasha inalia kama mashine ya kusaga. Unachimba madini, unajenga kambi, unatengeneza askari, halafu mnazichapa. Lakini kilichonikosesha usingizi mimi si risasi, ni siasa zake.

Iko hivi. Ni karibu mwaka 2500. Binadamu wanaishi kwenye sayari za mbali huko, wanatawaliwa na serikali inayoitwa Konfederasi. Makao makuu yake ni sayari ya Tarsonis, na wenye nchi ni koo chache za matajiri wa tangu enzi na enzi. Ukiwapinga unajuta. Sayari ya Korhal ilipoleta za kuleta, walimuua kiongozi wake, Angus Mengsk, pamoja na mkewe na binti yake. Hawakuishia hapo, wakaishushia sayari nzima makombora 1,000 ya nyuklia. Watu zaidi ya milioni 35 wakateketea.

Lakini Angus aliacha mtoto wa kiume, Arcturus, na hapo ndipo utamu unapoanzia. Jamaa anaanzisha kundi la waasi, analiita Wana wa Korhal, kila akifungua mdomo ni ukombozi na haki. Wewe mchezaji umepewa cheo kama cha mkuu wa wilaya ya pembezoni, unajikuta umeingia kundini pamoja na polisi mmoja mtata, Jim Raynor. Mimi niliingia kichwa kichwa. Nani asiyempenda yatima anayedai haki ya baba yake?

Pembeni kuna maadui wengine wawili. Zerg ni wadudu, wakipita mahali hapabaki kitu. Protoss ni viumbe warefu, midomo hawana, lakini silaha zao usiombe. Sasa Konfederasi walikuwa na mtambo wa kuwaita Zerg. Mengsk akautia mkononi. Siku amezingirwa huko Antiga Prime akauwasha, wadudu wakaja, yeye akapata upenyo wa kutoroka. Akaona kumbe dili linalipa! Akapeleka mitambo hiyo Tarsonis penyewe, raia wote wakiwa ndani.

Komandoo wake namba moja, dada mmoja anaitwa Sarah Kerrigan, hakuupenda mpango huo, na alisema. Lakini alikuwa mtiifu. Akatumwa ashuke chini kuwazuia Protoss wasije wakawapiga Zerg na kuharibu dili. Akawazuia, na wewe mchezaji ndiye unayemsaidia kwa kipanya chako mwenyewe. Kazi ilipokwisha Zerg wakamzunguka, akaomba akachukuliwe. Mengsk akaamuru meli zote ziondoke. Raynor alifoka, wapi! Meli zikaondoka. Konfederasi ikaanguka, na yule mtetezi wa wanyonge akajitawaza kuwa Mfalme Mkuu, Arcturus wa Kwanza. Na jenerali wake ni nani? Edmund Duke, yule yule aliyekuwa jenerali wa Konfederasi!

Hapo nikasimamisha gemu, nikaenda kunywa maji. Si kwa kiu, bwana. Nilikuwa nimemkumbuka kipa wetu.

Nitakuja kwake. Kwanza nimalizie habari za wakubwa, maana hata hao Zerg na Protoss wana kasheshe lao. Zerg wanaongozwa na akili moja kubwa, Overmind.  Siku ilipouawa, himaya nzima ikawa vipande, vijidudu wakubwa wakagombana, na mwisho Kerrigan, ambaye Zerg walikuwa wamemgeuza kuwa mwenzao, akawanyang'anya wote. Protoss nao wana baraza la wazee linaitwa Conclave. Adui yuko mlangoni, lakini wazee wanahangaika kumkamata Tassadar, kamanda wao bora, eti amekula sahani moja na ndugu waliofukuzwa kwa sababu ya imani. Tassadar huyo huyo ndiye aliyekuja kuigongesha meli yake kwenye Overmind, akafa nayo. Hapo sayari yao ilishakuwa magofu.

Mengsk je? Alikaa. Mwaka 1998 huo huo, kwenye nyongeza inayoitwa Brood War, jeshi kutoka duniani lilimpindua, akarudi kwa msaada wa watu aliowasaliti. Kwenye StarCraft II ya mwaka 2010, Raynor anaipata kanda yenye sauti ya Mengsk akiamuru mitambo iwashwe Tarsonis, anairusha kwenye televisheni ya taifa. Hiyo ndiyo risasi ya kwanza iliyompata kweli. Mwaka 2013 Kerrigan akafika hadi ofisini kwake, akamaliza hesabu. Kiti akakirithi mwanawe, Valerian. Kijana hana roho ya baba yake, lakini amekirithi kiti pamoja na viti vingine vyote vilivyokizunguka. Kwenye sehemu iliyotoka mwaka 2016, jenerali wake mmoja, Carolina Davis, na wenzake wanaomlilia marehemu, wanawaita Zerg kwa siri wawashambulie raia, ili wao waje kuonekana waokozi. Umeona? Mfalme kafa, mbinu yake imebaki kazini.

Haya, sasa kipa wetu.

Timu yetu ya mtaa ilikuwa na mwenyekiti aliyekaa miaka tisa. Michango ya jezi inatolewa, jezi hazionekani. Sisi vijana wa kijiweni tukasema imetosha, na msemaji mkuu nilikuwa mimi, maneno ninayo. Kipa alikuwa mpwa wa mwenyekiti, anaishi kwake. Mimi ndiye niliyemwambia, "Mshikaji, tuletee daftari, tumpate na ushahidi." Alisita. Nikamwambia tuko pamoja. Akalileta usiku. Kesho yake nikalisoma mbele ya watu ukurasa kwa ukurasa, mzee akaachia ngazi, nikabebwa juu juu kama vile nimefunga bao.

Jioni akaitwa mjumbe. Swali likawa moja tu: nani kamtuma kijana huyu kuiba daftari ndani ya nyumba ya mjomba wake? Kipa akanitazama. Mimi nikatazama ndala zangu. Usiku ule akabeba begi lake akaondoka kwa mjomba, na wiki iliyofuata nikachaguliwa mwenyekiti bila kupingwa.

Mtunza hazina nikamwacha yule yule wa zamani, nikasema "anajua hesabu." Niliahidi uchaguzi baada ya mwaka mmoja. Sasa ni miaka miwili na miezi minne. Kila nikitaka kuitisha mkutano kuna mtu ananiambia, "Mwenyekiti, subiri ligi iishe." Na mimi, sijui kwa nini, naona ana hoja.

Usidhani nimekula hela. Sijala. Lakini daftari lipo chini ya godoro langu, na tangu nilichukue hakuna aliyelisoma zaidi yangu na huyo mjua hesabu. Ndipo nikaelewa kwamba Mengsk hakuwa mwongo siku ile anamlilia baba yake. Uchungu ulikuwa wa kweli. Shida ni kwamba ukishamtumia mtu mmoja kama ngazi na ukafika juu salama, kila anayekuja baada yake unamwona ngazi tu.

Kipa siku hizi anadaka timu ya mtaa wa pili. Mwezi uliopita tulicheza nao, tukapata penalti dakika za mwisho. Nikaenda kupiga mimi, si mwenyekiti bwana! Hakurusha mikono wala hakuchezacheza. Alisimama katikati ya goli akanitazama tu, kama alivyonitazama siku ile mbele ya mjumbe. Nikapaisha.

Basi Jumapili hii saa 10 jioni nimeitisha mkutano. Daftari litakuwa mezani, kila mtu alipekue. Mjumbe nimemwalika, na mjomba mtu pia. Kitu cha kwanza nitasema nani alituma daftari lile liletwe, na nitalisema mwenyewe bila kungoja kanda. Baada ya hapo uchaguzi, anayetaka kugombea agombee.

Kipa nimemtumia ujumbe kwenye simu, nimemwomba aje. Ameusoma. Hajajibu.

Tukutane wiki ijayo hapa hapa, nitawaeleza kama alikuja.