Kukhitimu si Kubeba Msahafu

Muadhini anapoadhini sauti yake hupanda na kushuka kama wimbi. Ikikuzwa kupita nguvu ya umeme uliopo, vilele vyake hukatwa. Mkwaruzo utuumizao masikio ndio huo. Dawa si kuagiza kikuza sauti kingine Dubai. Dawa ni fundi ajuaye sakiti ya analogi, ile iufuatayo mkondo wa sauti wenyewe, si ile ihesabuyo moja na sifuri.

Fundi huyo tumtafute wapi? Lurambi, Kakamega, kipo Chuo Kikuu cha Masinde Muliro, kilichoanza 1972 kwa jina la WECO na kupata hati kamili 2007. Uhandisi wa umeme hufunzwa humo. Mashindano ya wanafunzi ni mema. Lakini mtu akileta kibao kilichonunuliwa tayari, tumeshindanisha akili au mifuko?

Rai yangu: apewe transista, rizista, kapasita na lehemu, aunde mbele ya waamuzi, kisha aeleze mkwaruzo watoka wapi. Sisi kwa maalimu hatukukhitimu kwa kubeba msahafu, bali kwa kusoma mbele yake, herufi kwa herufi.