Ndege wa Buluu na Nguchiro

Kusini mwa Japani kiko kisiwa kiitwacho Amami Oshima, chenye joto, mvua nyingi, na msitu usiopukutika majani. Humo, na katika visiwa vidogo vya jirani, hukaa ndege ambaye Wajapani humwita rurikakesu. Ni wa ukoo wa kunguru, na urefu wake wapata sentimeta 38. Kichwa, mbawa na mkia vina rangi ya buluu ielekeayo zambarau. Mgongo na tumbo ni hudhurungi, na ncha za mkia ni nyeupe. Hula wadudu na kokwa za miti, na hujenga kiota ndani ya tundu la mti.

Aliyemwona ndege huyu atasema, "Sasa namjua." Mimi nasema, bado. Zamani watu walijua uzuri wake tu, nao wakamwinda kwa ajili ya manyoya ya kupambia kofia, hata serikali ikamlinda kwa sheria mwaka 1921.

Tena, katika kisiwa hicho yuko nyoka mwenye sumu aitwaye habu. Mwaka 1979 waliachiliwa nguchiro wapatao 30 ili wamle. Nia ilikuwa njema, walakini nguchiro hutembea mchana, na habu hutoka usiku, wakutane wapi? Nguchiro wakazaliana hata wakawa maelfu, wakala sungura weusi wa kisiwa, vyura na ndege. Watu wakatega mitego miaka mingi, wakanasa nguchiro zaidi ya 30,000. Ndipo mwezi wa Septemba 2024 serikali ya Japani ikatangaza ya kuwa hakusalia hata mmoja.

Wala tusiwacheke. Kunguru wa Bara Hindi aliletwa Unguja mwishoni mwa karne ya 19 ili ale takataka. Leo hula mayai na makinda ya ndege wetu wa pwani.

Kwa hiyo naona ya kwamba kumpenda ndege hakutoshi. Yatupasa kujua ala nini, alala wapi, na adui zake ni nani, kabla hatujathubutu kumsaidia. Basi, wanafunzi, wekeni manati chini. Keteni kimya chini ya mti, tazameni, waulizeni wazee, mkaandike mliyoyaona. Kazi hiyo haina gharama, na hasara yake hakuna.